Kumi bora za Queen: chipsi nitalipa, namba moja sibadili!

Mimi mzima wa afya, ila mfuko ndio unaumwa, na ukisoma mpaka mwisho utajua kwa nini.

Wiki hii kalamu yangu inaomba ruhusa itoke kidogo nje ya mambo yetu ya mapenzi, mitindo na vituko vya daladala. Nataka tuongelee muziki. Na si Msondo wala Sikinde, si bongo fleva wala singeli. Nataka tuongelee rock, ule muziki ambao bibi yangu akiusikia huwa anauliza, "Jamani, nani kaangusha masufuria?"

Najua wapo wanaotaka kufunua ukurasa waende zao kwenye nyota. Ngoja kwanza, bwana. Nyota zipo tu, hazikimbii.

Ilikuwa hivi. Mwezi uliopita mama alikuwa anapanga upya sanduku lake la zamani, lile ambalo sisi watoto tulikuwa haturuhusiwi hata kuliegemea. Chini kabisa, chini ya khanga za harusi yake, akatoa mfuko wa rambo. Ndani yake kaseti moja, TDK ya dakika tisini, mali ya marehemu mjomba wangu. Mjomba alikuwa fundi redio kule Mtoni kwa Azizi Ali. Alifariki 2003, mimi nikiwa na miaka mitano, kwa hiyo ninachokikumbuka ni kidogo tu: moshi wa kuchomelea nyaya, mikono mirefu, na kalamu ya bik aliyokuwa anaichomeka kwenye tundu la kaseti na kuizungusha ili kurudisha mkanda nyuma bila kumaliza betri.

Kwenye karatasi ya kasha lake ameandika kwa wino wa bluu: "QUEEN, KUMI BORA." Halafu nyimbo kumi, kwa namba.

Nikaipeleka ile kaseti kijiweni, pale saluni ya kiume ninapokatia nywele, maana kinyozi wetu ana redio kaseti ya zamani inayofanya kazi bado. Weee! Ubishi ulioanza pale si mchezo. Kila mtu ana namba yake moja, na kila mtu anaapa. Mwisho tukawekeana. Wote wanne, na kinyozi wa tano, walisema namba moja ni "Bohemian Rhapsody", hakuna mjadala. Mimi nikasema naenda kusikiliza, nitatoa jibu gazetini. Nikiipa nyimbo nyingine namba moja, nawanunulia chipsi mayai wote watano. Hesabu mwenyewe.

Kwa asiyewajua, Queen ni bendi ya Waingereza iliyoanza London 1970. Walikuwa wanne: Brian May wa gitaa, Roger Taylor wa ngoma, John Deacon wa besi aliyeingia 1971, na mwimbaji Freddie Mercury. Huyo Freddie jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, na alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946. Wapi? Zanzibar, ndugu yangu! Mji Mkongwe. Wazazi wake walikuwa Waparsi waliotokea India, baba yake karani wa fedha serikalini. Akiwa mdogo alipelekwa shule ya bweni India, akarudi Unguja akiwa kijana, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Uingereza. Ndiyo maana mjomba hakuwahi kumwita Freddie. Alimwita "mtoto wa Shangani". Siku hizi kuna hata makumbusho yake kule Shangani, yalifunguliwa 2019.

Haya, tuanze kutoka chini. Orodha ni ya mjomba, ila nimebadili nafasi mbili tatu. Anisamehe huko aliko.

10. "Killer Queen" (1974). Hiki ndicho kibao kilichowatoa. Kilifika namba mbili Uingereza, na ndipo Marekani nako wakaanza kuuliza hawa jamaa ni akina nani. Albamu yake ilitengenezwa wakati Brian May yuko hoi kitandani. Wenzake wakaendelea kurekodi, wakamwachia nafasi za gitaa, naye alipopata nafuu akaja kuzijaza. Sikiliza sauti zinavyopandana, utadhani kwaya ya malaika wenye maringo.

9. "Radio Ga Ga" (1984). Aliitunga Roger Taylor, mpiga ngoma, akianzia kwenye maneno ya mwanawe mdogo aliyekuwa anaisema redio vibaya. Ni wimbo wa kuipenda redio wakati watu wamehamia kwenye video. Fundi redio gani ataacha kuupenda? Mjomba aliuweka namba tatu. Mimi nimeushusha, lakini nakiri kwamba ukitaka kujua nguvu ya ile bendi, tafuta picha za tamasha la Live Aid, tarehe 13 Julai 1985, uwanja wa Wembley. Watu zaidi ya elfu sabini wanapiga makofi juu ya vichwa vyao kwa pamoja, mchana kweupe. Queen walipewa kama dakika ishirini tu, na mpaka leo ukitajwa mkusanyiko ule, hizo dakika ishirini ndizo zinazosimuliwa.

8. "Crazy Little Thing Called Love" (1979). Freddie aliutunga akiwa ndani ya beseni la kuogea, hotelini, mjini Munich, Ujerumani. Dakika chache tu, basi. Sisi wengine tukiwa bafuni tunatunga madeni. Mwenyewe alipiga gitaa, chombo ambacho hakukijua sana, na labda ndiyo maana nyimbo ni nyepesi, ya kupiga vidole na kutikisa mguu. Ilishika namba moja Marekani 1980.

7. "I Want to Break Free" (1984). Huu ni wa John Deacon, yule mpole wa besi ambaye tangu 1997 amejikalia kimya nyumbani kwake. Kwenye video yake wote wanne wamevaa nguo za kike, Freddie na sharubu zake anasukuma mashine ya kufagilia zulia. Waingereza wakacheka, maana walijua ni utani wa mchezo mmoja wa televisheni yao. Wamarekani wakanuna.

Hapa kijiweni kuna aliyesema tuuondoe kabisa, na sababu yake si video. Mwaka huohuo wa 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi na wasanii wenzao wakiwa wamegoma kwenda kule. Walilaumiwa sana, na chama cha wanamuziki kwao kikawatoza faini. Nadhani alichosema yule jamaa ni kweli, na mpenzi wa bendi hatakiwi kuificha. Wimbo wa kutaka uhuru, halafu unakwenda kuupiga pale? Nimeuacha kwenye orodha kwa sababu ni wimbo mzuri, lakini nimeuacha na doa lake.

6. "Don't Stop Me Now" (1978). Ulipotolewa kama wimbo wa peke yake 1979 uliishia namba tisa tu Uingereza, lakini umri unavyokwenda ndivyo unavyozidi kupendwa. Leo hakuna sherehe ya Kizungu utaukosa. Ni piano na mtu anayekimbia bila breki. Brian May alikuja kusema kwamba wakati ule maneno yake yalimtia wasiwasi, maana aliona rafiki yake anaishi maisha ya hatari. Ukishajua hilo, unausikia tofauti. Unacheza, lakini roho inakuambia, "Punguza mwendo, kaka."

5. "Another One Bites the Dust" (1980). John Deacon tena! Mpole kumbe ndiye mwenye besi ya kutingisha ukuta. Ule mdundo wa mwanzo tu, hata aliyelala anaamka. Bendi yenyewe haikuwa na mpango wa kuutoa peke yake. Michael Jackson alikwenda kwenye onyesho lao, akawaambia wakiacha kuutoa watakuwa wamekosea. Wakamsikiliza, ukawa namba moja Marekani wiki tatu. Kinyozi wetu aliposikia besi ile alizima mashine, akaacha kichwa cha mteja nusu. Huyo mteja alikuwa mimi.

4. "We Will Rock You" na "We Are the Champions" (1977). Najua ni mbili, lakini zilitoka pamoja kwenye sahani moja ya santuri, na redioni hupigwa zikifuatana. Mimi nazihesabu mapacha. Ya kwanza ya Brian, ya pili ya Freddie. Baada ya onyesho moja watazamaji waligoma kuondoka, wakaanza kuwaimbia wao bendi. Brian akawaza: watu waliobanana namna hii wanaweza kufanya nini? Wanaweza kukanyaga chini na kupiga makofi. Basi! Miguu miwili, kofi moja. Ule mdundo hauna ngoma hata moja, ni miguu na viganja vilivyorekodiwa na kurudiwa mara nyingi. Hata sisi kwenye michezo ya shule za sekondari tuliupiga juu ya madawati, na wengi wetu hatukujua hata ni wa nani.

3. "Somebody to Love" (1976). Freddie alikuwa anamhusudu sana Aretha Franklin, akataka naye awe na wimbo wa kanisani. Unachokisikia kama kwaya nzima ya waumini ni watu watatu tu, Freddie, Brian na Roger, wamerekodi sauti zao tena na tena, moja juu ya nyingine. Ni maombi ya mtu aliyechoka kazi, aliyechoka upweke, anamuuliza Mungu mbona mimi sina wangu. Msomaji uliyeachwa mwezi huu, usiusikilize usiku ukiwa peke yako. Mimi nilijaribu. Nikampigia simu mtu ambaye sikutakiwa kumpigia.

Kabla sijaendelea, najua kuna watakaoniuliza "Under Pressure" ya 1981 iko wapi. Ni kibao kikali, kilikamata namba moja Uingereza, lakini walishirikiana na David Bowie. Shamba la ubia sitaki kuligawa, nitakosana na watu.

2. "Bohemian Rhapsody" (1975). Ndiyo, mmesoma sawasawa. Namba mbili. Jamani kijiweni, wekeni viti vizuri, chipsi zinakuja.

Sisemi ni wimbo mdogo. Una dakika karibu sita, wakati ule redio zilikuwa zinataka dakika tatu. Wakubwa wa muziki wakasema haupigiki. Freddie akampa nakala rafiki yake mtangazaji wa London, Kenny Everett, naye akaupiga mara kumi na nne katika mwisho wa juma mmoja! Watu wakafurika madukani. Ulikaa namba moja wiki tisa. Hauna kiitikio. Unaanza kwa huzuni, unaingia kwenye vituko vya opera, unalipuka rock, halafu unazimika taratibu kama mshumaa. Zile sauti za katikati zilirekodiwa juu kwa juu mara nyingi mno, mpaka mkanda ukachakaa, ukawa unaonyesha upande wa pili. Na humohumo katikati, kwenye opera ya Kizungu, mtu anatamka "Bismillah". Mjomba, mama ananiambia, kila ikifika hapo alikuwa anainua kidole juu: "Mmemsikia mtoto wa Shangani?" Maana ya wimbo Freddie hakupenda kuieleza. Alipofariki ukatolewa tena, ukarudi namba moja wiki tano.

Sasa ni nini kinaweza kuupita huo?

1. "The Show Must Go On" (1991). Yaani onyesho lazima liendelee. Na hii si namba yangu peke yangu. Ndivyo mjomba alivyoandika, na kaupigia mstari mara mbili.

Wimbo huu kwa sehemu kubwa ni kazi ya Brian May. Walipofika kuurekodi, Freddie alikuwa mgonjwa sana, kutembea kwenyewe ni taabu. Brian alikuwa na wasiwasi kumpa sauti za juu namna ile mtu wa hali hiyo. Anasimulia mwenyewe kwamba Freddie alipiga funda la vodka, akasema ataiimba, akaenda, akaimba. Nenda kasikilize. Hutasikia mgonjwa. Utasikia simba. Hakuwahi kuuimba jukwaani, maana onyesho lake la mwisho na Queen lilikuwa Agosti 1986. Wimbo ulitoka Oktoba 1991. Tarehe 23 Novemba akatoa taarifa kwamba ana UKIMWI. Kesho yake, tarehe 24, akafariki. Miaka 45.

Jumapili moja niliazima redio ya kinyozi nikaja nayo nyumbani. Nikaweka kaseti. Ilipofika hii ya namba moja, mkanda unakwaruza. Nyimbo nyingine zote safi, hii peke yake imechoka. Nikamwambia mama, mbona hapa pamechakaa? Mama alikuwa anachambua mchele. Akaniambia, "Alikuwa anairudisha hiyo tu. Miezi yake ya mwisho, hiyo tu."

Nikanyamaza. Mama akaendelea na mchele wake, halafu akasema, bila kuinua macho, "Mjomba wako hakufa kwa kifua."

Mpenzi msomaji, nimekua nikiambiwa kifua. Kwenye msiba tuliambiwa kifua, bibi mpaka leo anasema kifua. Mama anasema mjomba mwenyewe alimwambia yeye tu, jioni moja, akiwa amemaliza kuandika kile kikaratasi cha kaseti. Akamwambia, "Dada, huyu mtoto wa Shangani alisema siku moja kabla. Mimi nimekuambia mapema kuliko yeye, nimemshinda." Wakacheka wote wawili. Halafu mama akaifunga ile siri sandukuni chini ya khanga kwa miaka zaidi ya ishirini, kwa sababu enzi zile ukisema, hata chai mtu hanywi nyumbani kwenu.

Mwaka uliofuata, 2004, serikali ikaanza kutoa dawa za ARV bure. Mwaka mmoja tu. Leo ninao marafiki wanaomeza kidonge chao kila siku, wanafanya kazi, wanaoa, wanazaa watoto wazima, na ukikutana nao njiani ni wewe utakayechoka kwanza. Nilimuuliza mama kama naweza kuandika haya gazetini. Akafikiri. Akasema, "Andika. Jina usitaje, bibi yako anasomewa gazeti."

Kwa hiyo namba moja ni hiyo. Sitaki kubishana kuhusu wiki ngapi kwenye chati. "Bohemian Rhapsody" ni wimbo wa kijana anayejua atakuwa mkubwa. "The Show Must Go On" ni wa mtu anayejua anaondoka, na bado anafika kazini. Kinyozi nilipomsimulia hakusema kitu, akanyoosha tu kidole kwa muuza chipsi aliye ng'ambo ya barabara. Tulikula wote sita. Nimelipa mimi, na kachumbari juu.

Kama nawe una orodha yako ya Queen, au unaona nimekosea kuishusha redio ya mjomba mpaka namba tisa, niandikie kupitia gazeti hili. Matusi pia napokea, yakiwa na hati nzuri. Na kama una jambo umelifungia sandukuni kwa sababu ya chai za watu, mtafute dada yako mmoja umwambie. Kama ni la afya, kituo cha afya kipo, kupima ni bure.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu: je, ni haki mchumba kukuomba nauli ya kuja kukuona, halafu asije? Tukutane Mungu akipenda. Kwaheri!